Bajeti ya 1JZ ya Farasi 400 Kwenye GX100, Ukiwa Arusha

Mambo vipi wana Chuga, na nyie wa Moshi mnaouliza kila siku kuhusu kuifunga injini ya 1JZ yenye turbo kwenye GX100, yaani Toyota Mark II iliyokuja na injini ya 1G. Leo hatufungui boneti. Mezani hapa kuna daftari, kalamu na kikokotoo, basi. Gari tutalifuata hesabu ikikubali.

Hatua ya kwanza. Juu kabisa ya ukurasa andika farasi unaotaka na kazi ya gari. "Nataka itembee" haiuzwi dukani. Mimi naandika 400, gari la kwenda kazini Njiro siku za wiki na kushuka Moshi Jumamosi.

Kwa nini 400? Injini tunayoipangia ni 1JZ-GTE yenye VVT-i: cc 2,492, silinda sita, turbo moja. Ilitoka kiwandani na farasi 280, na pistoni na konrodi zake zenyewe zinabeba 400 ikiwa injini ni nzima na imetuniwa na mtu anayejua. Ukiandika 600 umeingia mradi mwingine: unashusha injini, unanunua pistoni na konrodi ngumu za chuma cha kufuliwa kiwandani (forged), silinda zinakwenda kuchongwa, beringi zote mpya. Wengi wanaotaka 600 hawana barabara ya kuzitumia. Halafu uzuri mwingine ni kwamba Mark II ya JZX100 ilitoka na injini hii kwenye bodi lile lile la GX100, kwa hiyo maunting na vitu vingi unapata vya Toyota, huchomelei chomelei.

Hatua ya pili, na hapa tukae kidogo, kwa sababu video nyingi mnazotazama zimetengenezwa na watu wanaokaa karibu na bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya farasi wake. Turbo inaweza kufidia, ila haifidii bure. Dar, busti (kanieneo ambayo turbo inaongeza juu ya hewa ya nje) ya ba 1 maana yake turbo inakandamiza hewa hadi mara mbili ya ile ya nje. Hapa Arusha, ili silinda zipate hewa ile ile, unahitaji busti ya kama 1.15, na turbo inakandamiza mara 2.3 hivi. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo turbo ambayo mtu wa Dar anasema "inafika 400 vizuri", kwako inafika ikiwa imechoka. Chagua kubwa kidogo, na usibane pesa kwenye intakula, ile inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Moshi mko chini, kama mita 800 na kitu, mna nafuu.

Urefu huo huo unagusa rejeta. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyashikilia yasichemke mapema, na bado naona watu wa mamilioni ya turbo wanatembea na mfuniko uliolegea. Andika: mfuniko mpya, rejeta nene, feni.

Hatua ya tatu, mafuta. Fuata kalamu. Injini ya turbo inakula takribani paundi 0.6 za petroli kwa saa kwa kila farasi. 400 mara 0.6 ni 240. Gawa kwa nozeli sita, 40. Nozeli haifai kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo 40 gawa kwa 0.8 ni 50. Hiyo ni kama cc 525 kwa dakika. Nunua za 550. Zile za kiwandani ni 380, zitakwama njiani. Muuzaji akikusukumia za 1,000, mwonyeshe daftari. Ongeza pampu ya petroli na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inayotunika.

Hatua ya nne, vinavyosahaulika nyuma ya injini: giaboksi, klachi, propela, difu, breki, matairi. Giaboksi ya 1G uliyonayo haikuundwa kwa mzigo huu. R154, ile ya gia tano ya Toyota, ndiyo wote wanaikimbilia, na bei inajua hilo. Breki usiniulize kama ni lazima.

Sasa hatua ya tano, pesa. Tuseme una milioni 20, ni mfano wa hesabu tu. Kabla ya kitu chochote toa nne za akiba na mbili za tuni, weka akaunti nyingine. Nasema tuni itengwe kwanza kwa sababu ndiyo inayofanyika mwisho, mfuko ukiwa mtupu, ndipo mtu anapowasha injini kwa ramani (mpangilio wa kontroli boksi) ya kuokota na kutoboa pistoni. Kama fundi wa tuni anatoka Nairobi au Dar, nauli na malazi yake yamo humo. Zimebaki 14. Injini na turbo visizidi saba. Saba nyingine ni mafuta, kupoza, giaboksi na breki. Isipoenea, usipunguze akiba. Rudi hatua ya kwanza, andika 330.

Spea unazoagiza nje, usiandike bei ya mtandaoni. Ongeza usafiri, ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya vyote hivyo.

Hatua ya sita, kununua injini yenyewe. Bora ije na waya, kontroli boksi na sensa zake, maana kutafuta sensa moja moja kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, ukiwa Arusha ni kulipa basi kila wiki. Pima kampresheni silinda zote sita. Hapa juu namba itasoma chini kuliko kipimo cha Dar hata injini ikiwa nzima, kwa hiyo angalia zaidi tofauti: silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya kilo moja kwa sentimita ya mraba kwenye geji, acha. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji badilisha injini ikiwa bado chini.

Dai risiti na karatasi za injini hapo hapo dukani. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha injini lazima kadi nayo irekebishwe TRA. Gharama hiyo nayo iandike, mstari wake hapo chini ya breki.