Kifuko Kinachoulinda Moyo

Asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na rangi. Doksorubisini ni dawa nyekundu, na aliyewahi kutundikiwa dripu yake haisahau. Inaua seli za saratani kwelikweli. Shida yake haichagui: kila seli inayojigawa kwa kasi inapata kichapo, ndiyo maana nywele zinanyonyoka, mdomo unatoka vidonda na damu inapungua. Hayo huisha. Yasiyoisha ni ya moyo. Madhara yake kwenye misuli ya moyo hujikusanya dozi kwa dozi, na daktari akikaribia jumla ya miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, hulazimika kusimama hata kama uvimbe ulikuwa unanywea.

Sasa tuitie dawa hiyohiyo ndani ya kifuko cha mafuta kiitwacho liposomu, chenye upana wa nanomita 100 hivi. Unywele mmoja una nanomita 80,000 au zaidi, kwa hiyo msijisumbue kukitafuta kwa macho. Nje tunakivika polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ili seli za ini na wengu zichelewe kukishtukia. Mishipa ya damu ya moyo ina kuta zilizobana, kifuko hakipenyi. Mishipa ya uvimbe imejengwa kwa pupa, ina nyufa. Watafiti Matsumura na Maeda walilieleza jambo hilo huko Japani mwaka 1986. Mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha Doxil, doksorubisini ya kwenye kifuko.

Mtakuwa mmesikia dawa ya namna hii ikiitwa kombora lisilokosa shabaha. Mimi neno hilo silipendi. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walipitia tafiti za miaka 10, nyingi za panya, wakakuta kiasi cha kati kinachoufikia uvimbe ni asilimia 0.7 ya chembe zilizodungwa, yaani vibebea dawa vidogo kama kifuko chetu. Kombora gani hilo! Sehemu kubwa huishia kwenye ini na wengu.

Basi tunahangaikia nini? Tunahangaikia moyo. Kwa saratani ya matiti iliyosambaa, Doxil iliudhibiti ugonjwa karibu sawa na dawa ya kawaida, ila madhara kwa moyo yalipungua. Si bure lakini: viganja na nyayo huwaka na kubambuka, kwa kuwa dawa huvujia kwenye ngozi.

Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ina kisa cha namna nyingine. Haiyeyuki kwenye maji, na kiyeyushi chake ndicho kilichokuwa kikiwaletea wagonjwa mzio mkali, mpaka wapewe kwanza steroidi, dawa za kutuliza mzio. Abraxane, ya mwaka 2005, iliifunga dawa kwenye albumini, protini iliyomo tayari kwenye damu, na kiyeyushi kikatupwa. Dripu ya saa 3 ikawa ya dakika 30.

Nimeiacha dawa iitwayo Vyxeos mwisho kwa makusudi. Iliidhinishwa mwaka 2017 kwa aina kali ya saratani ya damu: dawa mbili ndani ya liposomu moja, kwa uwiano wa 5 kwa 1, ili zifike pamoja bila uwiano kuharibika njiani. Kwa wazee waliojaribiwa, muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka takriban miezi 6 hadi karibu miezi 10. Na kumbukeni, huo ni ugonjwa wa uboho na damu. Hapo hapana uvimbe wenye mishipa ya nyufa ya kupenyea.