Koti la Kibirizi na Usaili wa Mtendaji wa Kijiji

HAMISI: Habari za jioni, Kigoma, mwisho wa reli, na wote mnaotusikiliza mlipo. Mimi ni Hamisi, na huyo mnayemsikia akinywa chai kwenye maiki ni dada Zuhura.

ZUHURA: Maiki umeisogeza mwenyewe. Haya, karibuni. Tuko palepale steshenari kwangu, Mwanga, mlango nimeushusha nusu na feni nimeizima ili isituharibie sauti. Leo tuna mambo matatu kuhusu usaili wa ajira za serikali: mtihani wenyewe ukoje, usome nini, na nyaraka. Nimeyaandika kabisa.

HAMISI: Nyuma ya fomu ya mteja.

ZUHURA: Fomu iliyoharibika. Simulia Jumamosi yako.

HAMISI: Jumamosi nimefanya mchujo, ule mtihani wa kwanza wa kupunguza waombaji. Mtendaji wa Kijiji Daraja la Tatu, halmashauri mojawapo ya mkoa wetu. Ipi, sisemi, maana kazi bado naitaka.

ZUHURA: Na bado hujaitwa mahojiano.

HAMISI: Majina hayajabandikwa, dada, usinitie nuksi. Basi, foleni ya mlangoni. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha chuo, vyote halisi. Mbele yangu kulikuwa na binti kaja na ile karatasi ya matokeo, siyo cheti. Kasuka nywele, kapiga pasi, amekuja na mama yake. Hakuingia.

ZUHURA: Jamani. Na lile tangazo la kuitwa kwenye usaili linasema wazi kila mara: hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Watu wakiletewa tangazo wanatafuta jina lao tu, wakilipata wanapiga vigelegele, masharti hawasomi. Mtihani wenyewe?

HAMISI: Karatasi. Sehemu ya kwanza ya kuchagua, ya pili ya kujieleza. Muda ukaisha mimi bado natiririka.

ZUHURA: Wasikilizaji, hapo msikariri. Kwingine mchujo ni kwenye kompyuta, kwingine ni karatasi kama ya Hamisi. Dereva na mwandishi mwendesha ofisi, yule katibu mahsusi, watakuwa na vitendo pia, unapewa gari, unapewa mashine, uonyeshe. Mwisho wa yote ni mahojiano ya ana kwa ana. Kwenye mchujo usihesabu kwamba nimefaulu basi nimepata. Wanapanga kuanzia juu, wanachukua kulingana na nafasi. Nafasi zikiwa chache unaweza kuwa na alama nzuri tu na ukabaki nje.

HAMISI: Sasa hapo ndipo ninapotaka kusema jambo, na najua tutagombana.

ZUHURA: Sema.

HAMISI: Mtoto wa kidato cha pili, Baraza la Mitihani linamwekea muundo wa mtihani hadharani. Somo fulani, sehemu A maswali ya namna hii, sehemu B namna ile, mada ni hizi. Mtoto! Mimi mtu mzima, natafuta kazi ya kulisha familia, tangazo langu lina sifa, lina umri usiozidi miaka 45, lina ngazi ya mshahara TGS B, lina sanduku la posta. Orodha ya mada za mtihani haimo. Nisome nini? Nisome Tanzania nzima?

ZUHURA: Usome tangazo.

HAMISI: Nimelisoma!

ZUHURA: Umesoma sifa. Chini ya jina la kazi pana majukumu. Hebu yasome, ninalo hapa.

HAMISI: Nayajua. Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji. Kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji. Kiongozi wa wakuu wa vitengo vya kitaalamu kijijini. Mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini. Kusikiliza malalamiko na migogoro. Kusimamia utungaji wa sheria ndogo. Unawajibika kwa Mtendaji wa Kata.

ZUHURA: Basi ndiyo muhtasari wako huo. Kila mstari ni mada. Katibu wa mikutano: mikutano ipi? Mkutano Mkuu wa Kijiji, kila baada ya miezi mitatu, wanaingia wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi?

HAMISI: Kumi na tano hadi ishirini na tano, wanawake wasipungue robo.

ZUHURA: Umelijuaje?

HAMISI: Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 1982.

ZUHURA: Nani alikwambia usome Sheria Namba 7?

HAMISI: Jamaa wa kundi la Telegramu. Na hiyo ndiyo hoja yangu! Tangazo halikuniambia. Mwenye simu na bando amejua, aliyeko Kalya huko mtandao unakuja na kuondoka hakujua. Wote mnakaa ukumbi mmoja.

ZUHURA: Aliyeko Kalya amezaliwa kijijini. Anamjua mwenyekiti, anamjua mtendaji, amekaa kwenye Mkutano Mkuu. Wewe mtoto wa Mwanga, hapa ni manispaa, tuna mitaa. Kijiji umekiona wapi?

HAMISI: Nimekiona dirishani mwa basi la Kasulu.

ZUHURA: (anacheka) Na unataka ukakiongoze.

HAMISI: Swali la mwisho lilinipa mtihani kweli. Ng'ombe wa mfugaji wameingia shamba la mkulima, wamekula mahindi, vijana wameshika marungu. Wewe ndiye mtendaji, ufanye nini? Sasa lipo kwenye majukumu hilo?

ZUHURA: Lipo mara mbili. Ulinzi na usalama, migogoro na malalamiko. Uliandikaje?

HAMISI: Kwanza kutuliza watu na kuiita kamati ya ulinzi na usalama. Halafu afisa ugani apime hasara. Halafu wakae chini. Mwenzangu nje akaniambia alipeleka Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, watatu wanawake, akataja na sheria.

ZUHURA: Baraza la ardhi ni la mgogoro wa ardhi, na kazi yake ni kusuluhisha tu. Ng'ombe kula mahindi siyo mpaka wa shamba.

HAMISI: Lakini kama mfugaji anasema hapo ni njia ya mifugo?

ZUHURA: Hapo limebadilika. Ndiyo maana ni swali zuri. Haya, jambo lingine. Ukiitwa mahojiano, unavaa nini?

HAMISI: Nimeshaazima koti.

ZUHURA: Koti lipi? Usiniambie ni lile.

HAMISI: Ni lile.

ZUHURA: Hamisi! La ba'mdogo wako wa Kibirizi?

HAMISI: Wasikilizaji wetu wa zamani wanalijua. Kwa wageni: ba'mdogo anauza dagaa mwaloni Kibirizi. Alinunua koti jeusi la mtumba hapo sokoni kwa ajili ya harusi. Tangu harusi iishe hajalivaa tena, linavaliwa na mkoa.

ZUHURA: Koti lile limeitwa kwenye usaili kuliko ukoo mzima.

HAMISI: Wakati ule kila usaili unafanyikia Dodoma lilikuwa linapanda treni, kupitia Tabora, usiku kucha. Lilifika Chuo Kikuu cha Dodoma kabla yangu. Binamu yangu alilivaa usaili wa walimu, ule wa mwanzoni mwa 2025. Jirani alilivaa usaili wa udereva.

ZUHURA: Usaili wa udereva, koti la nini? Si vitendo vile?

HAMISI: Alisema anataka wamuone dereva wa mkurugenzi.

ZUHURA: Na harufu?

HAMISI: Kuna mtu alilipulizia manukato. Sasa linanuka dagaa waliokwenda harusini.

ZUHURA: (anacheka) Jopo watakuuliza, "Jieleze," wewe ukitikisika tu, wameshajua umetoka wapi.

HAMISI: Na ni fupi mikono. Ukikaa mikono juu ya mapaja, hakuna anayejua. Tatizo ni kusalimia. Ukinyoosha mkono, kiwiko nacho kinataka kuonekana.

ZUHURA: Basi usinyooshe. Ingia, simama, "Shikamooni", subiri uambiwe keti. Hukuitwa kwenda kupeana mikono.

HAMISI: Wanajopo wengine wananyoosha wao wenyewe.

ZUHURA: Basi nyoosha na bega, mwili mzima uende. (wanacheka) Aa, hiki kipindi kimeshaharibika. Kwani shati safi na suruali iliyopigwa pasi vina kosa gani? Nani kasema lazima koti?

HAMISI: Hakuna aliyesema. Lakini ukiwa umekaa kwenye benchi nje, wote wenzako wamevaa makoti, wewe na shati la mikono mirefu, unajiona umekuja kurekebisha bomba.

ZUHURA: Hao wenye makoti nao wameazima.

HAMISI: Sasa sikiliza, nilikuwa nalificha hili mpaka mwisho. Jana nimelipiga brashi, mfuko wa ndani nikasikia kitu. Nikatoa karatasi. Hii hapa.

ZUHURA: Lete. Hee. Wasikilizaji, ni ukurasa wa daftari la mistari, umekunjwa mara nne hadi mikunjo imekatika. Kalamu ya bluu. Kichwa cha habari, "Majukumu ya VEO". VEO ndiye huyo mtendaji wa kijiji. Yapo yote, mpaka wino umeloa jasho hapa kwenye "kuandaa taarifa za utekelezaji". Na "Afisa Masuuli" amepiga mstari chini, halafu pembeni ameandika, "fedha za kijiji, atakayeulizwa ni mimi". Mnasikia? Huyu alielewa! Huyu hakuwa na Telegramu, alichukua tangazo, akalivunjavunja mstari kwa mstari. Hoja yangu hii hapa, imetoka mfukoni mwako!

HAMISI: Dada, mwandiko huo naufahamu. Mwenyewe sasa hivi anaendesha bodaboda, kituo cha Gungu.

ZUHURA: (kimya kidogo) Kwa hiyo?

HAMISI: Kwa hiyo alifanya ulivyosema wewe na hakupata.

ZUHURA: Hakupata kwa sababu gani? Ulimuuliza? Labda alikwama mahojiano, labda nafasi zilikuwa mbili na watu mia. Karatasi haigawi nafasi.

HAMISI: Na labda kuna kitu kiliulizwa ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Nusu ya sheria za mtendaji haziko kwenye majukumu. Majukumu yanasema "kutafsiri na kusimamia sera, sheria na taratibu". Sheria ipi? Sera ipi? Mstari mmoja huo umemeza kabati zima! Wangeandika tu: Serikali za Mitaa 1982, Ardhi ya Vijiji 1999, Utumishi wa Umma 2002. Mistari mitatu. Ingemgharimu nani?

ZUHURA: Ingekugharimu wewe. Siku wakiandika mistari mitatu, wiki ijayo hapa Mwanga kuna tuisheni. Watu wanakaririshwa hiyo mitatu kwa elfu hamsini. Mnaingia ukumbini mia, wote mna tisini, sasa wanawachagua kwa nini? Kwa sura?

HAMISI: Tuisheni zipo tayari! Watu wanauziwa hapa makabrasha ya maswali yaliyopita. Wewe mwenyewe unayatoa kopi.

ZUHURA: Natoa kopi, siuzi. Na mengine ni ya uongo, jibu la swali la nne na la tisa yanagongana. Kazi ya mtendaji siku nzima ni kuletewa jambo ambalo halikuandikwa popote. Kama huwezi kusoma tangazo ukajua kilicho nyuma yake, waraka kutoka kwa mkurugenzi utausomaje?

HAMISI: Hapo unaongelea aliyeajiriwa. Akishaajiriwa atafundishwa, kuna Hombolo pale, chuo cha serikali za mitaa kipo kwa kazi hiyo. Mimi naongelea mlangoni. Mlango uwe na maandishi.

ZUHURA: Una maandishi, hutaki kuyasoma.

HAMISI: Mimi sikubali.

ZUHURA: Wala mimi.

HAMISI: Andikeni, mtume sauti, mtuamulie.

ZUHURA: Wasituamulie. Wakituamulia wiki ijayo tutaongea nini? Saa ngapi sasa?

HAMISI: Dakika nne zimebaki. Na hatujagusa nyaraka. Wala mahojiano.

ZUHURA: Mahojiano tumegusa kiwiko.

HAMISI: Haraka basi, nyaraka. Moja.

ZUHURA: Moja, majina. Kama cheti cha kuzaliwa ni "Ramadhani" na cha shule ni "Ramadhan", nenda kwa wakili mapema ukafanye hati ya kiapo. Usingoje jina lako litoke. Mbili, uliyesoma nje, na hapa kwetu wapo wengi waliosomea Burundi na Kongo, cheti kihakikiwe kwanza na mamlaka husika, chuo kikuu ni TCU, vyuo vya kati na vya ufundi ni NACTVET, sekondari ni NECTA, lile Baraza la Mitihani. Tatu...

HAMISI: Kuna mtu anagonga.

ZUHURA: Tumefunga!

HAMISI: Anasema tangazo linafungwa leo saa sita usiku, anaomba amalizie maombi yake kwenye mfumo.

ZUHURA: Leo? Na amekaa na tangazo wiki mbili? Mwambie apite chini ya mlango, aangalie kichwa. Washa feni, tumeshamaliza.

HAMISI: Ya tatu hujasema, dada.

ZUHURA: Wiki ijayo. Karibu, kijana, kaa hapo. Vyeti umeviskani? Vizuri. Barua ya maombi? Hebu nione. Sahihi iko wapi?