Cheki, neno lililotoka kwa mfalme

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni huku mbele maana feni imekufa. Leo ni kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, check, kwasababu nyie mnaopeleka wageni mlimani hapa Moshi mnakitumia toka asubuhi mpaka usiku na kinawaponza. Juzi kijana mmoja kamshusha mama wa Kizungu stendi akamwambia "check me later", kichwani kwake ni nicheki baadae, yule mama akamshika paji la uso akidhani ana homa! Kwetu kumcheki mtu ni kumtafuta, kumpigia simu, kwao ukim-check mtu unamkagua au unamzuia.

Sasa limetoka wapi? Kwa mfalme, huwezi amini. Uajemi mfalme ni shah, ndo shaha wetu huyohuyo, jina ambalo washairi wanampa bingwa wao. Kwenye sataranji, ule mchezo wa chess, ukimbana mfalme wa mwenzio unamwambia "shah", yaani mwangalie mfalme wako huyo, neno likapita kwa Waarabu, Wafaransa wakalitamka eschec, Waingereza wakaishia na check. Na ukishaambiwa hivyo mipango yako yote inasimama, hugusi kingine mpaka umwokoe mfalme. Hapo ndo penye utamu, maana lilipotoka kwenye mchezo lilianza kama kusimamisha, kuzuia, hii ya kukagua imekuja nyuma sana, na inaingia akilini tu, trafiki gani anakagua leseni gari ikiwa inatembea?

Ubao wa sataranji una miraba, basi na miraba nayo ikapewa jina, kwa hiyo lile shuka la drafti la Mmasai kwa Mwingereza ni la check, na drafti yetu ya vizibo pale kijiweni Mmarekani anaiita checkers. Zamani serikali ya Uingereza ilihesabia hela juu ya kitambaa cha miraba, ndo maana mpaka leo waziri wao wa fedha anaitwa Chancellor of the Exchequer.

Check in na check out mnazijua, nazipita. Ila hii ishikeni, Mmarekani akimaliza kula akasema "check please" anataka bili. Nilikuwepo kwenye mgahawa mmoja hapa mjini, mhudumu kasikia hivyo kaenda jikoni kucheki kweli, karudi na tabasamu lake anamwambia mgeni wali upo, kuku ndo ameisha.