Kipande Kimoja tu cha Jiwe

Nimelisema Iringa, nimelisema Tukuyu, na leo hapa Mbeya nalirudia: msivunje mawe ya mapangoni. Stalaktiti zinazoning'inia juu, stalagmiti zinazoota chini, ziacheni. Tone linadondoka, linaacha chembe ya chokaa, basi. Mara nyingi jiwe hilo hukua sehemu ya kumi tu ya milimita kwa mwaka. Kipande cha sentimita 8, urefu wa kidole, kinaweza kuwa na miaka 800 ndani yake. Na mtu anakivunja apige nacho picha!

Najua mtaniambia, "Mwalimu, si mna vipimo? Njoo ukipime hata kikiwa kabatini kwangu." Umri, sawa. Maji ya pangoni hubeba urani, metali yenye mionzi, lakini thori, metali nyingine, haiyeyuki kwa urahisi, hubaki nyuma. Jiwe likishaganda, urani iliyonaswa humo hugeuka thori kwa kasi inayojulikana. Tukipima vyote viwili tunarudi nyuma hadi miaka kama 500,000.

Lakini mimi natafuta mvua ya kale, ilinyesha nyingi au kidogo! Mvua naisoma kwenye oksijeni iliyomo jiweni, maana iko ya aina mbili, nzito na nyepesi. Katika nchi za joto, mvua ikizidi, aghalabu nyepesi huongezeka. Aghalabu, jamani, si daima. Lazima nirudi kwenye tone lilelile, nikinge maji masika na kiangazi, nipime joto na unyevu wa pango, ndipo nijue jiwe linasema nini. Kipande chako kilikuwa chini ya tone lipi? Hujui. Umebaki na cheti cha kuzaliwa kisicho na jina.

Wengine mtasema mapango ya Songwe, hapa karibu na Mbeya, ni kazi ya chemchemi za maji moto, si mvua. Kweli, chokaa nyingi ya pale imeletwa na maji moto. Basi ndiyo tuwe waangalifu zaidi, maana ni lazima kutenganisha kilicholetwa na maji ya chini na kilicholetwa na mvua.

Muda umekwisha. Ziwa Nyasa nalo linatunza habari za mvua ya kale, kidogo tu: matope yaliyochorongwa chini ya ziwa mwaka 2005 yameonyesha ukame mkali, kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ulioshusha maji kwa mita zipatazo 600. Hayo yako chini ya ziwa, hakuna wa kuyatia mfukoni. Mapango yako wazi.

Waongoza wageni mlioko nyuma: mgeni akishika nyundo, mzuieni. Mkikuta jiwe limeshaanguka, msilihamishe. Lipigeni picha hapohapo, andikeni ni pango gani na sehemu gani, mtuletee.