Kabla ya Spoila, Nipee Funguo Nicheki Breki

DEREVA: Karibuni tena, tuko Nakuru, na leo fundi ako moto juu vijana wanazidi kumletea Subaru wakitaka spoila kubwa, lile bawa la nyuma ya gari.

FUNDI: Dada, spoila nzuri inafanya kazi kweli, sikatai, lakini inategemea upepo, na ile nguvu ya kukandamiza gari chini inapanda kwa mraba wa spidi, yaani ukitoka kilomita 80 kwa saa ufike 160 inakuwa mara nne. Ndani ya taoni haikusaidii.

DEREVA: Na huku juu si hewa ni nyepesi?

FUNDI: Eeh, Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa imepungua karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa, so spoila ileile inakandamiza kidogo kuliko huko. Lakini huo mraba mimi unanitisha kwa breki. Ukidabo spidi, breki zinameza nguvu mara nne na yote inageuka joto kwa diski na padi.

DEREVA: Ndio hiyo harufu ukishuka ule mteremko mrefu wa Mau Summit kuja Salgaa.

FUNDI: Hizo ni padi zinaungua! Zikipata moto sana zinapoteza mshiko, pedali inabaki ngumu, unakanyaga na nguvu zako zote na gari haipungui. Sasa pedali ikizama mpaka chini hiyo ni shida ingine, mafuta ya breki yamechemka. DOT 4, aina moja ya hayo mafuta, ikiwa mpya inavumilia mpaka nyuzi joto 230 angalau, lakini inavuta maji kutoka hewani polepole, ikishavuta, hicho kiwango cha kuchemka kinaweza shuka mpaka 155, halafu ikichemka inatoa mvuke na mvuke unabonyea tu, presha haifiki kwa magurudumu. Mtu amefunga kalipa za Brembo, zile za bei zinazobana padi kwa diski, na mafuta hajawahi badilisha, hiyo inaniuma sana.

DEREVA: Na kwa kona? Mimi hupenda kumaliza kubreki kabla niingie.

FUNDI: Uko sawa kabisa. Mshiko wa tairi una mwisho, ukiutumia wote kubreki hakuna unaobaki wa kukata kona. Na ukikanyaga ghafla ukiwa katikati uzito unaruka mbele, nyuma inakuwa nyepesi, mkia unatoka.

DEREVA: Lakini ile gari ya spidi, Bugatti Veyron, si hubreki na bawa?

FUNDI: Ndio, ile ya 2005, ukikanyaga breki ukiwa juu ya kilomita 200 kwa saa bawa la nyuma linainuka nyuzi 55 linazuia upepo, napenda hiyo kazi sana. Ila spidi ikishuka upepo hauna nguvu tena, inabaki diski zake za kaboni-seramiki na tairi.

DEREVA: So kijana akija kesho na pesa ya spoila?

FUNDI: Anipee funguo kwanza nipime maji kwa mafuta ya breki, halafu tusome tairi pamoja, zile namba nne za mwisho ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na kama mpira umekauka una nyufa hiyo pesa inaenda kwa tairi.