Mpunga ukizama, homoni husikilizana vipi?

Nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalirudia: msikariri homoni za mimea kama bei za dukani. "Ethilini huivisha ndizi, jiberelini hurefusha shina." Mwanafunzi anaandika hivyo, anapewa alama zake, na mpunga haujui hata kidogo.

Tazameni beseni hili. Mche huu umekaa chini ya maji siku 12, nimeutoa leo asubuhi. Majani marefu, membamba, yamepauka. Nikiusimamisha, unalala kiganjani kama mchicha uliopikwa. Msiyalaumu maji peke yake. Umejimaliza wenyewe kwa kukimbilia juu. Ethilini ni gesi, mmea huitoa kila siku ikapeperuka. Ukizama, gesi inakosa pa kutokea, inajaa ndani. Inashusha asidi ya absisiki, homoni inayoipinga jiberelini, jiberelini inapata nafasi, na jiberelini ikishika kazi, protini ya SLR1, iliyo breki ya ukuaji, inavunjwavunjwa. Mche unarefuka mpaka akiba ya sukari inakwisha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bangladesh na Thailand kuna mpunga wa maji marefu. Ethilini ikijaa, inawasha jeni za SNORKEL, zilizotambuliwa mwaka 2009. Jiberelini inaongezeka, shina linarefuka hata sentimita 20 kwa siku, majani yanabaki juu yakipumua. Nenda Odisha, India, kwenye mbegu ya FR13A: ethilini ileile inawasha jeni ya Sub1A, iliyotambuliwa mwaka 2006, na hiyo inaongeza breki, SLR1. Mmea unatulia, unatunza sukari, unavumilia wiki mbili, maji yakipungua unachipua upya. Gesi ni moja, mafuriko ni yaleyale, mmoja anakimbia na mwingine anajibana. Mwenye orodha yake ya homoni atalieleza vipi hilo?

Najua kuna atakayesema: basi tunyunyize jiberelini shambani. Wajapani walikuwa na ugonjwa waliouita bakanae, yaani mche mpumbavu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akiwa Taiwan, alionyesha kwamba kuvu ndiye anayetoa kitu kinachorefusha miche hiyo. Kitu hicho ndicho jiberelini. Miche inarefuka, inapauka, inayosalimika inazaa mapepe. Ndiyo mnayotaka kunyunyiza?

Na mbegu ya IR8, iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966, ni fupi kwa sababu jeni yake ya SD1, inayosaidia kutengeneza jiberelini, ina hitilafu. Ndiyo maana ilipotiwa mbolea nyingi haikulala. Mwaka 2018 ikabainika kwamba SD1 hiyohiyo, ikiwa nzima, ndiyo inayoamshwa na ethilini katika mpunga wa maji marefu. Jeni moja! Mmefundishwa hayo kwenye mada mbili zisizokutana.

Nilitaka kufika kwenye strigolaktoni, homoni inayozuia machipukizi na ndiyo hiyo mizizi inaitoa udongoni ikaamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Watu wa Kyela mnakijua kiduha. Mwenyekiti ananionyesha saa. Beseni la pili lina mpunga wenye Sub1A, siku 12 vilevile. Njooni mbele muushike.