Kengele ya saa mbili: programu ndogo iliyotengenezwa usiku

OKOTH: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Tuko Kireka, nje kidogo ya Kampala, na mvua imekamata tangu adhuhuri, kwa hiyo mkisikia bati likilia ndiyo hiyo. Mimi ni Okoth, mwalimu wa Kiswahili. Niko na dada yangu Zaituni, ambaye mchana ni mhasibu wa kampuni ya malori.

ZAITUNI: Na usiku ni fundi wa programu. Hamjambo nyote.

OKOTH: Dada, programu yako ya kukumbusha watu kazi zao imeshaingia kwenye duka la programu za simu. Jina lake hatulitaji leo.

ZAITUNI: Hatulitaji. Leo sikuja kutangaza biashara, nimekuja kueleza kazi ilivyokwenda.

OKOTH: Basi anza na shangazi. Bila shangazi, habari hii haina kichwa.

ZAITUNI: Shangazi yangu anashona gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, kwenye soko la Owino hapa Kampala. Alikuwa na mteja mwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, Jumamosi, wakaelewana aje kulijaribu vazi Ijumaa saa mbili asubuhi. Shangazi alikuwa na simu mpya. Akafungua kengele, akaandika mbili, nukta mbili, sifuri sifuri. Simu ikamwamsha saa nane za usiku. Akadhani imeharibika, akaizima, akalala. Asubuhi mteja akafika akakuta kibanda kimefungwa. Akasubiri, akapiga simu, haipatikani. Akaenda kukodi gomesi kwa mtu mwingine.

OKOTH: Na lile lililoshonwa?

ZAITUNI: Lilikuwa limekatwa kwa kipimo chake. Kitambaa, mkanda, vifungo, siku nne za kazi. Lilikaa pale linaning'inia miezi. Sasa, jamaa zangu wote walisema, "Mama huyo hajui simu." Maneno yale yaliniuma sana, kwa sababu si kweli. Shangazi anajua saa. Aliandika saa mbili kwa sababu ilikuwa saa mbili. Simu ndiyo haikumjua yeye.

OKOTH: Hapo niongeze kidogo, kwa anayetusikiliza kutoka mbali. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa moja asubuhi ndiyo saa ya kwanza ya mchana. Si Waswahili peke yao. Waganda nao wakisema ssaawa bbiri, ni saa hiyo hiyo mbili ya asubuhi. Na hesabu hii ina maana kwa mahali tulipo. Tuko karibu kabisa na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Hapa Kampala jua halichomozi mapema kuliko saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, wala halichelewi kupita saa moja. Ukihesabu kuanzia hapo, hukosei.

ZAITUNI: Na ukiweka simu kwenye lugha ya Kiswahili, maneno yanabadilika, "asubuhi" inaandikwa vizuri kabisa, lakini tarakimu inabaki 8:00. Unasoma "nane asubuhi". Mtu gani anasema nane asubuhi?

OKOTH: Hakuna. Kwa hiyo ukaketi kutengeneza kengele yenye saa yetu.

ZAITUNI: Ningependa kusema hivyo. Ukweli ni kwamba nilianza kwa kupotea. Toleo la kwanza lilikuwa na kila kitu: orodha ya kazi, rangi za umuhimu, michoro ya wiki, na ile saa ya dakika 25.

OKOTH: Ile ya nyanya.

ZAITUNI: Ndiyo. Mwitaliano Francesco Cirillo aliibuni akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, akatumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unafanya kazi dakika 25 bila kukatizwa, unapumzika 5. Mimi mwenyewe naitumia nikifunga hesabu za mwisho wa mwezi, inanisaidia kweli. Nikamwekea shangazi. Nikakaa naye kibandani siku nzima, Jumatano. Unajua ndani ya dakika 25 aliongea na watu wangapi? Kumi na mmoja. Nilihesabu. Mmoja anauliza bei ya zipu, mwingine analeta suruali ya kupunguza, mwingine anamsalimia tu. Na kumsalimia mtu ndiyo biashara yenyewe. Ukimwambia mteja "subiri nyanya iishe" umempoteza.

OKOTH: Kwa hiyo ile ya nyanya inamfaa mwenye mlango wa kufunga.

ZAITUNI: Umesema vizuri. Shangazi hana mlango, ana pazia. Alichokosa si utulivu. Alikosa kitu cha kumkumbusha ahadi: nani anakuja, lini, kwa ajili ya nguo gani. Ile jioni nilirudi nyumbani nikafuta michoro, nikafuta rangi, nikafuta nyanya. Kazi ya miezi mitatu. Nikabakiza skrini moja: nani, nini, saa ngapi.

OKOTH: Uliumia?

ZAITUNI: Niliumia, sitaficha. Lakini nilipoiangalia skrini ile moja, kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho mtu angekielewa bila mimi kusimama pembeni yake.

OKOTH: Sasa twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo uliponipigia simu usiku wa manane.

ZAITUNI: Samahani kwa ule usiku, mwalimu. Hesabu inaonekana rahisi: chukua saa ya kimataifa, ongeza sita, ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Saba asubuhi inakuwa moja. Saa kumi na tatu inakuwa saba. Rahisi. Kosa langu ni kwamba niliongeza zile saa sita kwenye tarehe yenyewe, nikaihifadhi hivyo. Mchana kulikuwa hakuna tatizo. Ikifika jioni, mambo yanageuka. Chukua Alhamisi, saa ishirini za kimataifa, yaani saa mbili usiku. Ongeza sita, unapata ishirini na sita. Siku imevuka. Programu ikaandika: "Ijumaa, saa mbili."

OKOTH: Kila kazi ya usiku ikahamia siku ya pili.

ZAITUNI: Kila kazi. Nikahangaika nalo wiki mbili. Nikaenda Arua kwenye msiba, nikamwonyesha bibi yangu simu. Bibi ni Mnubi, ana umri mkubwa. Nikamwambia, "Bibi, tazama, nimeandika Alhamisi usiku, yenyewe inasema Ijumaa." Akaniangalia, akasema, "Mbona iko sawa? Huo si usiku wa Ijumaa?"

OKOTH: Mimi nilipolisikia hilo nilisimama. Wasikilizaji, bibi hakukosea hata chembe. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, na ndiyo ya Kiislamu, siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa unatangulia mchana wa Ijumaa. Ndiyo sababu mpaka leo magazeti yanaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", ili asiwepo wa kuchanganyikiwa. Hitilafu ya dada Zaituni ilikuwa imefuata kalenda ya bibi bila yeye kujua.

ZAITUNI: Nilitaka kuiacha vilevile, kwa heshima ya bibi. Wewe ndiye uliyenizuia.

OKOTH: Nilikuzuia kwa sababu wanafunzi wangu hawaihesabu hivyo. Ukimwambia kijana wa Kampala "usiku wa Ijumaa", anafikiria Ijumaa baada ya kazi. Bibi anafikiria Alhamisi. Wote wawili wanazungumza Kiswahili safi. Programu haiwezi kumhukumu mmoja wao.

ZAITUNI: Basi ndani nikarudisha saa ya kawaida ya kimataifa, sikuigusa tena. Saa yetu inaonekana pale juu ya skrini tu, wakati wa kusoma na kuandika. Na maneno ukayapanga wewe: kabla ya saa sita usiku inaandika "Alhamisi usiku". Ikishapita saa sita inaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kisha alfajiri, asubuhi, mchana, jioni. Kwa yeyote anayetengeneza kitu cha saa, nakuomba, usihifadhi muda uliougeuza. Geuza wakati wa kuonyesha.

OKOTH: Ikalia sasa?

ZAITUNI: Haikulia. Kwenye simu yangu ilikuwa inalia, kwa shangazi hapana. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba simu za Android zinalala. Tangu Android 6, ile ya mwaka 2015, simu ikikaa bila kuguswa, skrini imezimwa, haiko kwenye chaji, mfumo unasogeza mbele kazi za programu ili kuokoa betri. Kengele ya kawaida inaweza kuchelewa. Lazima uiombe kwa njia maalumu ya kengele za saa kamili. Halafu kuanzia Android 12 kuna ruhusa yake, na Android 13 ikaongeza ruhusa ya kuonyesha arifa. Watengenezaji wengine wa simu nao wana vidhibiti vyao vya betri juu ya hayo yote. Kwa hiyo skrini ya kwanza kabisa ya programu inamwomba mtu ruhusa hizo, kwa sentensi fupi uliyoniandikia: "Niruhusu nikuamshe hata simu ikiwa imelala."

OKOTH: Nilitaka isomeke kama mtu anabisha hodi.

ZAITUNI: Na bado haikulia! Nikamuuliza, "Shangazi, usiku simu unaiweka wapi?" Akasema, "Naizima, chaji isiishe. Umeme wetu unajua mwenyewe." Basi. Simu ikizimwa, kengele zote ulizopanga zinafutika kwenye mfumo. Ikiwashwa, programu lazima isikie kwamba simu imeamka, izipange zote upya. Mistari michache tu ya msimbo, lakini mimi simu yangu huwa siizimi, nisingejua maisha yangu yote.

OKOTH: Kuna jambo ulilishikilia sana, kwamba isitumie intaneti.

ZAITUNI: Sikutaka kabisa. Bando ni pesa. Mwaka 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kila siku kwa mitandao ya kijamii, na ilipoondolewa Julai 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Shangazi ananunua bando la siku siku anayolihitaji. Kumbukumbu ya wateja wake haiwezi kutegemea hilo. Halafu yale ni majina ya watu na vipimo vya miili yao. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na mimi mtu mmoja, usiku, sina uwezo wa kulinda seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kuhifadhia taarifa hizo. Vikae kwenye simu yake.

OKOTH: Haya, uzinduzi.

ZAITUNI: Akaunti ya Google Play, lile duka la programu, ni dola 25, unalipa mara moja. Hilo lilipita. Kilichonichelewesha ni majaribio. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zinatakiwa kuwa na watu wa kujaribu programu, siku 14 mfululizo. Mwanzo walikuwa 20, Desemba 2024 wakapunguzwa kuwa 12. Nikaenda steji ya bodaboda hapa Kireka. Wanaume wale wana ahadi kuliko waziri: huyu anampeleka mtoto shule saa moja, yule anamchukua muuguzi saa nne usiku. Wakakubali wote. Nikawaomba anwani za barua pepe za simu zao...

OKOTH: Kimya.

ZAITUNI: Kimya. Wengi walifunguliwa akaunti na kijana aliyewauzia simu. Hawaijui anwani, wala neno la siri. Nilikaa steji jioni mbili, nikiingia kwenye mipangilio ya simu moja moja, nawaandikia anwani zao kwenye kikaratasi, nawaambia mkiweke pamoja na leseni. Mmoja alinishukuru kwa kikaratasi kile kuliko kwa programu. Siku ya tisa wawili wakabadilisha simu. Kwa bahati nilikuwa nimeandikisha kumi na saba.

OKOTH: Bei?

ZAITUNI: Bure kwa sasa. Mshahara wa uhasibu ndio unaoilisha.

OKOTH: Na shangazi yuko wapi na kengele yake?

ZAITUNI: Aliniita mwezi uliopita. "Kengele inalia vizuri," anasema, "lakini mikono iko kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedali, siwezi kushika simu nisome ni nani." Anataka simu imwambie kwa mdomo. Nikajaribu sauti za kompyuta, zinasoma Kiswahili kama mtu anayesoma risiti. Nikampa simu nikamwambia arekodi mwenyewe, anapoweka ahadi, aseme neno lake.

OKOTH: Unayo hapo?

ZAITUNI: Ninayo, amenipa ruhusa. Hii ni ya juzi.

[Kengele inalia mara mbili, kisha sauti ya mama mtu mzima, cherehani ikisikika nyuma yake: "Saa mbili kasorobo asubuhi. Yule bibi harusi wa Ntinda. Kumbuka mikono aliomba ipunguzwe."]